Daktari wa Watoto Waliofika Mapema

Katika miaka yote niliyomjua, sikumsikia Daktari akimwambia mzazi hata mmoja kwamba mtoto wake atapona. Wala sikumsikia akimwambia mtu kwamba hatapona. Angesimama kando ya inkubeta, asome kipimo cha oksijeni chenye taa nyekundu kinachofungwa kwenye mguu wa mtoto, aguse tumbo kwa kidole kimoja, halafu aseme, "Leo anapumua kwa nafasi kuliko jana," au, "Leo amechoka, wacha tumsaidie." Ukimuuliza habari za kesho alisema hajui.

Mwanzoni nilimchukia kwa hilo. Nilikuwa nimetoka kujifungua, mwili wote unauma, na niliyemhitaji ni mtu wa kunidanganya kidogo.

Wakati huo nilikuwa fundi wa nguo Rhonda, mtaa wa mji wa Nakuru. Nilishona yunifomu za shule katika kibanda kilichopakana na mahali pa kuchaji simu. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa na wiki ishirini na sita nilipokamatwa na uchungu asubuhi moja, nikiwa bado nimekalia kiti cha cherehani. Wambui alizaliwa siku hiyo hiyo. Hakufika kilo. Ngozi yake ilikuwa nyekundu, nyororo kiasi cha kuogopesha, na mishipa ilionekana chini yake. Wauguzi walimtia katika mfuko wa plastiki ili joto lisimtoke, wakakimbia naye kabla sijamwona uso.

Nilipopelekwa kwenye chumba cha watoto kwa kiti cha magurudumu, nilimkuta mwanamke mrefu, mvi zimeanza pembeni mwa kichwa, amevaa raba za kukimbilia chini ya koti jeupe. Alikuwa ameinama, kichwa amekitega upande. Nilidhani anasikiliza moyo wa mtoto wangu. Kumbe alikuwa anasikiliza chupa. Hewa iliyopitishwa puani mwa Wambui kwa mipira miwili myembamba ilimalizia safari yake ndani ya chupa ya maji, na maji yakatoa mapovu mfululizo kama uji unaochemka. Mapovu yakiendelea, mapafu yanapata msaada. Yakinyamaza, kuna mahali mpira umechomoka. Baadaye nilimwona Daktari mara nyingi akiingia chumbani akizungumza na mtu, akaacha neno katikati na kwenda moja kwa moja kwenye chupa iliyonyamaza, wakati sisi wengine hatujasikia tofauti yoyote.

Siku hiyo nilimuuliza swali ambalo kila mama huuliza. Akaniangalia machoni.

"Mama, sijui. Nikijua nitakwambia, liwe zuri au liwe baya. Sasa nawa mikono uje umshike."

Habari ya kunawa mikono inahitaji kuelezwa. Mtu mwingine yeyote angeweza kufanya urafiki na Daktari, lakini si mtu aliyeingia chumba kile na mikono michafu. Hata mkubwa wa hospitali, Daktari alimrudisha mlangoni pamoja na wageni wake, mbele ya watu, kwa sauti ile ile aliyotumia kuwarudisha wanafunzi. Pasta wetu alipokuja kuombea watoto alinawishwa kama mtoto wa chekechea, mpaka kati ya vidole, na akaambiwa aombe polepole kwa sababu kelele huwachosha. Yeye mwenyewe alinawa, kisha akasugua viganja kwa nguvu huku akivipulizia. Asubuhi za Nakuru zina baridi, na alisema mtoto aliyetolewa tumboni miezi mitatu kabla ya wakati hastahili tena kuguswa na mkono wa barafu.

Kulikuwa na shida ya jina. Kwetu, msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake. Lakini mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka shambani na chupa ya uji, alikaa kwenye benchi la nje na hakulitaja. Nilielewa. Mtoto akifa na jina lile, ni kama amezikwa nalo, na huyo wa pili atakayekuja aitwe nani? Kwa hivyo kwenye kitanda cha Wambui paliandikwa tu jina langu, kisha neno "mtoto". Daktari alipita hapo siku kadhaa akiyasoma maandishi hayo. Halafu siku moja akatoka nje, akakaa karibu na mama mkwe wangu kwenye benchi, na wakaongea habari za ng'ombe. Nilikuwa mlangoni, nikasikia yote. Waliongea juu ya ndama wanaozaliwa kabla ya siku zao, jinsi ya kuwapasha joto kwa magunia, jinsi mama zao wanavyokataa kuondoka pale walipo. Mama mkwe alisimulia juu ya ndama mmoja aliyemweka jikoni karibu na meko msimu mzima wa mvua. Daktari akamuuliza kama huyo ndama alikuwa na jina.

"Alikuwa nalo," mama mkwe akasema. "Ungemwitaje aje kunywa maziwa?"

Hilo lilimtosha Daktari. Aliinuka, akarudi kazini. Jioni ile mama mkwe wangu alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akaingia kwa mara ya kwanza, akainama kwenye kioo na kumwita mtoto kwa jina lake yeye bibi: Wambui.

Kwa akina baba alikuwa na mkono mwingine. Wengi wao walikuja, wakasimama mlangoni na kofia mkononi, wakauliza kama kuna kitu cha kununua, wakaenda. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Ni fundi wa mawe, mtu wa kifua kipana, na kipindi hicho alikuwa akijenga nyumba huko mtaa wa Kiamunyi, ambako kila wiki kulichomoza paa jipya. Alikuja na vumbi la simenti kwenye nyusi. Daktari akamuuliza anafanya kazi gani, akamsifu, kisha akamwambia aende akaoge vizuri, arudi amevaa shati la vifungo.

Aliporudi, alikalishwa kwenye kiti, vifungo vikafunguliwa, na Wambui, akiwa na nepi na kofia peke yake, akalazwa juu ya kifua chake, ngozi kwa ngozi, mipira ya puani ikiwa mahali pake. Leso ikazungushwa kuwafunga wote wawili. Mume wangu hakupumua. Nasema kweli, Daktari alilazimika kumkumbusha.

"Baba Wambui, pumua. Yeye anakufuata wewe."

Akapumua. Kile kipimo cha mguuni, ambacho tangu asubuhi kilikuwa kikipanda na kushuka, kikatulia. Mume wangu alikitazama, akanitazama, machozi yakamtoka, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Kuanzia siku hiyo alikuja kila jioni moja kwa moja kutoka mjengoni, ameshaoga kwa ndoo huko huko, na akina baba wengine walipomwona ameketi pale kama mtu anayesubiri kinyozi, wakaanza kuulizia viti.

Sasa nije kwenye utafiti, kwa sababu ndio uliotufanya tujuane zaidi ya wodini. Daktari alikuwa na swali lililomsumbua. Watoto wadogo namna ile walikuwa wameanza kuokoka hapa kwetu, jambo ambalo alipokuwa mwanafunzi lilikuwa nadra kutokea. Lakini wakishatoka hospitalini wanakuwaje? Wanatembea? Wanaona? Wanaingia shule? Hakuna aliyejua, kwa kuwa hakuna aliyewafuata. Alichotaka ni kuwafuata, mtoto kwa mtoto, mwaka hadi mwaka.

Niliposikia neno utafiti nilikataa. Mtaani kwetu neno hilo lilikuwa na harufu mbaya. Jirani yangu alinionya kwamba watamtoa mtoto damu waiuze ng'ambo, na mume wangu aliuliza kwa nini wasijaribu dawa zao kwa watoto wa matajiri. Daktari alisikiliza yote haya bila kukunja uso. Akasema hakuna dawa ya kujaribiwa, kazi yake ni kuja kuangalia na kuuliza. Akasema pia kwamba nikikataa, Wambui atatunzwa sawasawa na wengine, na kama kuna mtu wodini atamtunza kwa kinyongo, nimwambie. Kisha hakulitaja tena. Nilingoja arudi kunibembeleza, hakurudi. Ni mimi niliyemfuata kwenye korido, wiki tuliporuhusiwa kwenda nyumbani, nikamwambia anaweza kuja.

Akaja. Kwa miaka alikuja Rhonda na kiondo chake chenye vibao vya rangi, kikombe kidogo, kengele na mwanasesere asiye na nywele. Aliketi chini kwenye mkeka, raba zake mlangoni, akamwacha mtoto aje mwenyewe. Wambui alipofika mwaka mmoja na hajaweza kukaa bila kuegemezwa, majirani walikuwa wameanza kuniangalia kwa huruma. Daktari alinifundisha kwamba mtoto wangu ana siku mbili za kuzaliwa: siku aliyofika, na siku aliyotarajiwa. Umri wa kumpima nao ni ule wa siku ya pili. "Usimdai miezi ambayo alistahili kuwa bado tumboni," alisema. Nililishika neno hilo nikawa nawajibu nalo watu sokoni. Wambui alikaa, akatambaa kwa mtindo wa kujikokota upande mmoja kwa sababu mkono wake wa kushoto ulikuwa mzito, akatembea akiwa amechelewa hata kwa umri ule wa pili. Siku alipotembea nilimpigia Daktari simu. Aliuliza alianza na mguu gani, na viatu alikuwa amevaa au la. Ndipo akasema, "Vizuri sana," akakata, kisha akapiga tena baada ya muda mfupi kuniomba nimweleze upya, taratibu.

Nilianza kufanya kazi naye kupitia kofia. Watoto wale hupoteza joto kichwani, na kofia za dukani zilikuwa zikiwafunika mpaka kidevuni. Daktari alikuja kibandani kwangu na machungwa kwenye mfuko, makubwa kwa madogo, akayapanga kwenye meza ya cherehani na kuniambia nishone kofia za vichwa hivyo. Nikashona kutokana na mabaki ya vitambaa vya sweta. Baadaye nikashona na leso za kufungia watoto kifuani, zenye mkanda mpana kwa ajili ya wanaume. Na kwa kuwa nilijulikana mtaani, akaniomba nimsaidie kutafuta familia zilizohama. Nikaajiriwa kwa kazi hiyo, siku kadhaa kila mwezi, na niliifanya kwa miaka mingi.

Vijana waliofanya kazi naye ofisini waliziita familia hizo "zilizopotea". Neno hilo lilimuudhi. Alisema watu wa Rhonda hawapotei, wanahama kwa sababu kodi imepanda au kazi imeisha, na mtu yeyote anayejua jina la mama mboga wao atawapata. Hiyo ilikuwa kweli. Lakini kulikuwa na mmoja ambaye hatukumpata kwa muda mrefu. Alikuwa mama wa mvulana aitwaye Kiprono, aliyelala kitanda cha pili kutoka kwa Wambui. Tulikuwa tukikamua maziwa pamoja, tukicheka jinsi matone yalivyo machache. Simu yake ilizimwa. Nyumba yake ilikuwa na wapangaji wapya. Wale vijana walitaka kumwacha, wakisema wapo wengine wa kutosha.

Daktari alikataa, na sababu aliyotoa niliielewa baadaye. Alisema mtu anayehama kimya mara nyingi ana kitu asichotaka kionekane, na utafiti ukiwahesabu tu waliokuja kuonyesha watoto wanaotembea, utakuwa ni uongo uliopigwa pasi. Akaniomba niendelee kuuliza.

Tulimpata huko Njoro, nje ya mji, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa alikopata kazi. Tulifika mchana, ngano imekomaa pande zote za barabara. Mama Kiprono alikuwa amekaa nje ya nyumba akichambua minji, zile njegere za maganda, kwenye ungo. Alipotuona hakusimama. Mvulana alikuwa kando yake, mzima, mwenye mashavu, na aligeuza uso kuelekea sauti zetu lakini macho hayakutufikia.

Hakuwa akiona. Mama yake aligundua akiwa na miezi michache, na tangu hapo aliambiwa mengi. Kuna aliyesema ni moshi wa makaa aliyopikia akiwa mjamzito. Kuna aliyesema ni laana ya upande wao. Yeye alichagua kuamini kwamba ni yeye, na akahama ili asiulizwe.

Daktari alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. Alimpa Kiprono kifaa chake cha kusikilizia moyo achezee. Halafu akazungumza na yule mama, na sitasahau jinsi alivyozungumza, kwa sababu hakutafuta maneno ya kujifichia. Alimweleza kwamba macho ya mtoto anayezaliwa mapema vile huwa hayajamaliza kuumbika, na oksijeni ikizidi huyaharibu. Wodini kwetu, wakati ule, oksijeni ilitolewa jinsi ilivyotoka kwenye mtungi, hakukuwa na chombo cha kuichanganya na hewa ya kawaida. Na daktari wa macho, ambaye angeweza kuona tatizo mapema na kulizuia, hakuwa akija.

"Ile oksijeni ilimwokoa," alisema, "na ile ile ikamdhuru. Si wewe uliyemdhuru. Ni sisi, na mimi nilikuwa mkubwa wa chumba kile. Nimekuja kukwambia hivyo, na kukuomba msamaha."

Mama Kiprono aliendelea kuchambua minji. Tulisikia maganda yakipasuka. Baadaye akauliza, akiwa bado ametazama ungo, "Kwa hivyo si moshi?"

"Si moshi."

"Na si mimi."

"Si wewe hata kidogo."

Aliweka ungo chini. Alilia kwa muda mrefu, na Daktari hakumshika wala hakumnyamazisha, alikaa tu juu ya ndoo. Nilidhani akimaliza atatufukuza, na angekuwa na haki. Badala yake aliingia ndani, akapika chai, akatuletea. Alimwambia Daktari kwamba amekasirika na ataendelea kukasirika, lakini anywe chai. Daktari akasema hiyo ni sawa. Kiprono alikataa kurudisha kifaa, ikabidi tukiache, na Daktari alisikiliza mioyo ya watoto kwa cha kuazima mpaka mwisho wa mwezi.

Maneno ya siku ile yalifika hospitalini. Sitaitaja hospitali, na waliokuwa wakubwa wakati huo wameshaondoka. Waliona kwamba daktari hapaswi kwenda kwenye boma la mtu kukiri makosa ya taasisi. Aliitwa mkutanoni. Sikuwepo, lakini nilimwona alipotoka, na alikuwa na njaa. Alikula mahindi ya kuchoma yaliyokuwa langoni, amesimama, akaniambia kwamba amewaeleza wanaweza kumzuia kusema au wanaweza kununua vyombo vya kuchanganya hewa, na la pili ndilo rahisi zaidi. Haikuwa rahisi. Alipoteza ukubwa wa wodi kwa muda. Lakini aliyoyapata kwa kuwafuata watoto aliyaandika, akayasoma mbele ya madaktari wenzake, na hatimaye vyombo vilikuja, na daktari wa macho akaanza kufika wodini kila wiki na taa yake ndogo. Watoto waliolala vitanda vile baada ya hapo wanaona. Wambui wangu aliponea chupuchupu. Anavaa miwani mizito, na kila anapoivua kuifuta namkumbuka Kiprono.

Nisije nikamfanya malaika. Daktari alikuwa na hasira za karibu. Alimfokea dereva wa mradi wetu wa utafiti kwa kukanyaga shimo ambalo hata mimi sikuliona. Aliogopa mbwa kupita kiasi, na Kiamunyi, penye mageti na mbwa, nilitangulia mimi na fimbo huku yeye, mtu aliyewakabili wakubwa wote, akinishika sweta kwa nyuma. Aliwakataza akina mama sukari nyingi, na chai yake ilikuwa sharubati. Alijua siku zote mbili za kuzaliwa za kila mtoto wetu, na mwanawe mwenyewe aliniambia, bila uchungu lakini bila kucheka pia, kwamba ya kwake yeye mama alikuwa akikumbushwa na shangazi. Aliimba kwaya kanisani kwake, sauti ya chini, nje ya wimbo. Nilimsikia mara moja, nikamshukuru Mungu kwamba hakuimba wodini.

Na palikuwa na siku za vifo. Wengi walikufa, lazima niseme, hasa miaka ya mwanzo. Mtoto akifa, Daktari alimtoa mipira yote, akamfunga kwenye leso na kumpa mama yake amshike kadiri anavyotaka, hata kama kitanda kinahitajika. Muuguzi mmoja mgeni alimwambia mama aliyefiwa kwamba bado ni kijana, atapata mwingine. Daktari alimwita pembeni. Sijui alimwambia nini, ila sentensi hiyo haikusikika tena kwenye chumba kile. Wakati wa mazishi alikwenda akiweza, akasimama nyuma ya watu. Mara nyingi alikuwa mtu pekee pale, nje ya wazazi, aliyewahi kumwona huyo mtoto akiwa hai. Akina mama waligundua hilo. Walimtafuta baada ya maombi, wamuulize kama anakumbuka jinsi alivyokuwa akikunja kidole, jinsi alivyopenda kulala upande wa kulia. Alikumbuka.

Alistaafu akahamia Njoro, kwenye shamba dogo lililokuwa la wazazi wake, akaacha kazi ya kuwafuata watoto kwa daktari kijana aliyemfundisha. Mwaka huu, Wambui akiwa amefika darasa ambalo wenzake wameanza kuota chunusi, yule kijana alinipigia simu. Alisema watoto sasa ni wakubwa kiasi cha kuulizwa wenyewe kama wanataka kuendelea, na kwamba Daktari ameomba wa kwanza waulizwe kwake nyumbani, chai ikiwepo.

Tulikwenda Jumamosi. Daktari amekonda, na goti limemfanya atembee na mkongojo, lakini raba ni zile zile za aina yake. Alitupokea uani, akamsalimia Wambui kabla yangu, akaangalia mkono wa kushoto bila kujificha kwamba anauangalia.

Yule daktari kijana, aliyekuwa amefika kabla yetu, aliweka kikombe chini, akanigeukia mimi, akaanza kueleza kwamba mradi ungependa kuendelea kumfuata Wambui mpaka awe mtu mzima, kama mimi sina pingamizi.

"Muulize mwenye mwili," Daktari akasema.

Kijana akaona haya, akageuka. Wambui alikuwa ameketi na miwani mkononi, akiifuta kwa ncha ya sketi. Alisema kabla ya kujibu anataka kujua walipata nini juu yake.

Niliogopa. Kuna mambo sikuwahi kumwambia. Daktari hakuniomba ruhusa kwa maneno, alinitazama tu, nami nikaitikia kwa kichwa. Basi akamweleza, jinsi watu wazima wanavyoelezana. Alimweleza juu ya mapafu na kwa nini yeye hubanwa kifua msimu wa baridi, na damu kidogo iliyovuja upande mmoja wa ubongo wiki ya kwanza, ambayo ndiyo iliyoufanya mkono uwe mzito, na macho. Alimweleza kwamba watoto wengi waliozaliwa kama yeye hupata taabu na hesabu, hata wakiwa na akili nzuri.

Wambui alisikiliza mpaka mwisho. Hesabu ndiyo iliyomliza nyumbani mwaka mzima.

"Kwa hivyo itakuwa ngumu hivi mpaka nikiwa mkubwa?"

"Sijui," Daktari akasema. "Hapa kwetu hatujawahi kumfuata mtoto kama wewe mpaka akawa mkubwa. Nyinyi ndio wa kwanza. Hakuna wa kumuuliza."

"Isipokuwa mimi."

"Isipokuwa wewe, na wenzako."

Binti yangu alivaa miwani yake. Alimtazama yule daktari kijana, halafu Daktari, halafu mimi kidogo, kama mtu anayekadiria kama viti vinatosha.

"Sawa, nimekubali," alisema. "Lakini msije muhula wa mitihani. Na kila mkija, mniambie kwanza nyinyi mlichopata, ndio mniulize."

Yule kijana alisema hilo litawezekana. Daktari alisema litawezekana kweli, yeye atahakikisha. Kisha akajiinua kwa mkongojo, akamuuliza Wambui kama anaweza kukamua ng'ombe kwa mkono mmoja na nusu, kwa sababu msaidizi wake hakuwa amefika. Wambui alijibu kwamba hajawahi kujaribu, na wakatoka pamoja kuelekea zizini kuona.